Mpira Hautaki Dizeli

Mpira niliujua kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Shule niliachia darasa la tano, na sijawahi kuona siku ambayo darasa la sita lingenisaidia. Nilianza pale Kyumbi kwenye njia panda na karai moja la maji, pampu ya mkono na tiubu kuukuu ya kukatia viraka. Jua lilinichoma kisogo mpaka ngozi ikabambuka. Leo niko na yadi pale pale, ya ukuta wa mawe na geti la chuma. Malori yanapanga foleni, na watu saba wanakula kwa jasho langu. Wale tuliokaa nao dawati moja wakaendelea na masomo, wengine huja kwangu kutafuta tairi kuukuu. Ninawauzia, lakini kwanza ninawafanya wangoje.

Ninayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa aina gani aliyeshindwa na raba ya mlango.

Ukweni kwangu ni Mua, kule juu kwenye baridi na michungwa. Baba mkwe, Mungu amlaze, alikuwa afisa wa afya, mtu wa kalamu tatu mfukoni. Siku niliyoenda kujitambulisha aliniuliza kazi yangu, nikamwambia ni tairi. Akaangalia kucha zangu muda mrefu, halafu akasema, "Sawa. Hata tairi inahitaji mtu." Kifungua mimba wake, ambaye wakati huo alikuwa chuo kikuu, akacheka. Kicheko hicho nimekibeba miaka ishirini na miwili, na bado sijapata mahali pa kukitua.

Mzee alikuwa na stesheni wagoni nyeupe, gari ya zamani kuliko mke wangu. Kila Agosti aliifungua milango yote minne na kuupaka mpira wake kitu fulani na kitambaa, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Mimi sikuruhusiwa kukaribia. Mtu wa mpira nilikuwa mimi, na yeye alinikalisha kivulini kama mgeni wa serikali.

Alipokufa, gari ilibaki bandani. Upepo uling'oa mabati mawili, na kwa miaka mitatu jua likawa linaingia kila saa tano mpaka saa tisa. Raba zikakauka. Raba, kwa asiyejua, ni ule mpira unaozunguka mlango na kioo, unaozuia maji na vumbi kuingia. Za mzee zilikuwa ngumu kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani. Ukiikunja, inalia na kupasuka. Mvua ikinyesha maji yanaingia kama yamealikwa.

Hiyo gari ndiyo mama mkwe anaendea kanisani. Mke wangu hupanda Mua kila Jumapili kutoka mjini, anaitoa bandani, anamwendesha mama yake. Masika ya mwaka jana mama alishuka mlangoni pa kanisa gauni limelowa mapajani, na wanawake wenzake wakaangaliana. Kwa mama mkwe, wanawake wenzake wakiangaliana ni kesi kubwa.

Hapo shemeji, yule kifungua mimba aliyecheka, ndipo alipoingia. Siku hizi ni meneja wa kiwanda kule Athi River na ana tumbo la kazi hiyo. Aliita kikao, akatwambia gari iuzwe kwa watu wa vyuma chakavu. Waje na lori na mitungi ya gesi, waikate vipande pale pale.

"Mama nitamtumia teksi kila Jumapili," alisema.

Mama mkwe aliinuka, akaenda kulisha kuku ambao walikuwa wameshakula. Mke wangu alianza kulia. Katika hiyo gari ndimo alimojifunza kuendesha, baba yake akiwa pembeni.

Mimi nikafungua mdomo. "Hiyo gari haikatwi," nikasema. "Mpira ni kazi yangu. Nipeni mpaka Oktoba, kabla ya mvua ya Novemba. Tone moja likiingia, leteni lori."

Shemeji akatabasamu. "Fundi wa panchari amesema," akasema. "Tone moja. Tumesikia wote."

Basi gari ya watu ikawa imening'inia kwenye ulimi wangu.

Sasa lazima nieleze jambo la boma lile, maana bila hilo hutaelewa kosa langu. Sisi Wakamba tuko na nthoni, ile haya ya heshima kati ya mtu na mama wa mke wake. Siku hizi utakuta wengine wanasalimiana kwa mkono na mama wakwe, wanakula meza moja, wanapiga picha. Nyumba ya mke wangu si hiyo. Mama mkwe hajawahi kusema nami uso kwa uso, wala mimi naye. Akitaka niambiwe kitu, anamwambia binti yake na mimi niko hatua nne kutoka hapo: "Mwambie bwanako viatu vyake vimejaa matope." Nami namjibu huyo huyo: "Mwambie mama matope ni ya njia yake." Siingii jikoni kwake. Na kiti chake, popote kilipo, sikikalii. Kwenye gari kiti chake ni cha mbele, kushoto.

Nilipanda Mua Alhamisi moja ya Agosti. Mke wangu alikuwa kazini mjini. Sikumngoja, kwa sababu mtu anayejua kazi hangoji kuonyeshwa. Nilibeba dawa yangu, ile kila mtu wa tairi kwenye barabara ya Mombasa anaijua: dizeli, umechanganya na oili chafu ya injini. Ukilipaka tairi kuukuu linakuwa jeusi, linang'aa, na mteja analigusa akifikiri limetoka kiwandani juzi. Nimepaka hivyo maelfu ya tairi.

Nikafungua milango ya mbele, yote miwili, nikaanza kupaka. Nyuma yangu ulikuwa mlango wa jikoni, ambao mchana haufungwi, na beberu la mama limefungwa kwenye nguzo. Nikamsikia mama mkwe ametoka na ungo. Akaanza kuongea na mbuzi.

"Wewe mbuzi," alisema kwa Kikamba, na sauti ya kusomea waumini, "una kichwa kigumu. Mwenye boma hili alikuwa anapaka kitu cha chupa ndogo. Hicho chako kinachonuka ni cha nini?"

Mbuzi akatafuna. Mimi nilijua ninatukanwa. Kutukanwa kwa njia ya mbuzi ni jambo la kawaida pale, nimetukanwa hata kwa njia ya jogoo.

"Mbuzi, mama yako alikuambia kila cheusi ni kizuri?"

Nikawasha redio ya simu. Akapandisha sauti, nami nikapandisha redio. Mwishowe alipiga ungo kwa kiganja mara mbili, akarudi ndani. Nikamaliza milango miwili. Iling'aa ungefikiri ni ya gari ya gavana. Nilijipiga picha nayo, nikamtumia shemeji bila maneno.

Wiki mbili baadaye, Jumapili, mke wangu alinipigia simu saa nne asubuhi. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, nje ya kanisa.

"Njoo uone ulichofanya," akasema.

Raba zilikuwa zimevimba kama midomo ya mtu aliyeumwa na nyuki. Zilikuwa laini, ndiyo, lakini laini ya kuoza. Ukigusa, kidole kinatoka na masizi yanayonata. Mama mkwe alikuwa amevaa gauni jeupe la kikundi cha akina mama, na alipoingia garini mlango ulimlamba kutoka kwapa hadi kiunoni. Mstari mweusi, mpana kama mkono. Alikaa ibada nzima na leso ya mtu mwingine amejifunika.

Nilipofika Mua shemeji alikuwa ameshafika. Habari mbaya huwa inamkuta na mafuta kwenye tenki.

"Sasa ndiyo nimeelewa," aliniambia. "Wewe hujui mpira. Unajua kudanganya watu wa tairi."

Kama si boma la mkwe, ningemwonyesha mikono inayobana spana miaka thelathini inafanya nini kingine. Nikameza. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli kidogo. Tairi nililolipaka linaenda na mwenyewe, mimi silioni tena baada ya wiki mbili. Hii gari ilikuwa imekaa pale pale kunisubiri.

"Oktoba bado," nikamjibu.

"Bado," akasema. "Na siku hiyo mama atakaa ndani na hilo gauni, likitakata. Tutamwaga maji nje. Gauni likipata tone, lori liko getini. Sitaki hesabu za picha."

Tukiwa njiani kurudi mjini, mke wangu aliangalia dirishani mpaka tukakaribia lami, kisha akasema, "Mama alikuambia."

"Hakuniambia kitu. Alimwambia mbuzi."

"Na ulitaka amwambie nani? Mimi sikuwepo."

Nilirudisha ile Alhamisi kichwani, neno kwa neno. Chupa ndogo. Mwanamke yule aliona kazi inaharibika mbele ya macho yake, anajua dawa, na hakuwa na mdomo wa kupitishia. Angeweza kuvunja nthoni akaniambia mara moja, "Acha." Hakuvunja. Badala yake alitumia mbuzi, na mimi nikamzima kwa redio. Sijui kati yetu ni nani alikuwa mjinga zaidi, lakini gauni lilikuwa lake.

Jumamosi iliyofuata nilipanda na mke wangu, nikamweka katikati kama spika. Chupa tuliikuta kwenye kijisanduku cha dashibodi, mahali ambapo imekuwa miaka yote, imefungiwa na kitambaa cha mzee kilichokunjwa mara nne. Ilikuwa glisarini. Glisarini ya chemisti, ile wanawake wanachanganya na losheni wakati wa baridi. Nilikaa kwenye jiwe nikiwa nimeishika. Mtu wa mpira.

"Mwambie bwanako," mama mkwe alisema kutoka mlangoni, akimwangalia mke wangu, "mpira hautaki dizeli. Dizeli inaula. Hata mtoto anajua."

"Mwambie mama mtoto huyo angenishtua mapema."

"Mwambie mtoto alishtua, lakini kulikuwa na ngoma inapigwa."

Mke wangu hakupitisha hilo. Alisema, "Mmesikiana, fanyeni kazi."

Raba za milango ya mbele zilikuwa zimekufa, hazina dawa. Nilizunguka yadi za magari mabovu kutoka mjini mpaka Athi River, nikapata gari ya aina ile, imelalia tumbo, nyasi zimeota ndani. Raba zake zilikuwa kavu kama zetu za kwanza, lakini kavu si kufa. Nilizitoa polepole, kwa mikono, bila bisibisi, kwa sababu ukivuta kwa pupa zinakatika.

Kazi yenyewe nitaieleza, maana sasa ninaijua kuliko mtu yeyote Machakos. Unaosha raba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka maji yatoke meupe. Unaikausha kivulini, usithubutu juani. Ile iliyokakamaa sana unailaza kwenye karai la maji moto yenye glisarini, unaiacha mpaka maji yapoe, unairudia kesho, na kesho kutwa. Halafu unapaka glisarini tupu kwa kitambaa cha pamba, unasugua na kidole gumba mpaka uhisi mpira unakubali. Ni kidole tu kinachojua, jicho halijui. Siku ya kwanza haukubali kabisa. Siku ya nne ukiukunja haulii. Mimi nilifanya hivyo wiki tatu, raba zote za milango, ya nyuma na ya kioo cha mbele, na yadi yangu ikajiendesha.

Mwisho wa wiki ya tatu mke wangu alinishushia chupa ya soda yenye mafuta mazito ya rangi ya asali. Yalikuwa ya mbarika, zile mbegu sisi tunaita mbaiki, mama mkwe aliyakamua mwenyewe. Zamani walipaka mikanda ya ngozi ya kubebea mizigo.

"Amesema upake juu ya glisarini, safu moja nyembamba," mke wangu alisema. "Na amesema si zawadi. Ni ya gari."

"Mwambie sikudhani."

Nilibandika raba zote, isipokuwa sehemu moja iliyonipa shida. Mlango wa mbele kushoto, kona ya juu karibu na kioo cha mbele, raba inataka kubanwa kutoka ndani. Unakaa kwenye kiti, unafunga mlango, unasukuma kwa dole gumba mpaka iingie kwenye mfereji wake. Kiti chenyewe ni cha mama mkwe. Nilijaribu kupiga magoti nje na kupitisha mkono dirishani. Nikamkalisha mke wangu, akasukuma kwa kidole kisichojua. Ilionekana imeingia. Kuonekana, nilikuwa nimeshajifunza, si kitu.

Siku ilifika, Jumamosi ya Oktoba, mbingu safi. Shemeji alikuja na lori la vyuma kweli. Lilisimama getini, mitungi ya gesi nyuma, na mwenye lori akashuka kununua machungwa. Mama mkwe akatoka na gauni jeupe. Ule mstari ulikuwa umefuliwa, lakini ukijua ulipokuwa bado unauona. Akaingia garini, akakaa kwenye kiti chake, mkoba mapajani, akatazama mbele kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Hosi aliishika shemeji. Hakunyunyiza, alimwaga kama anazima moto. Alipiga milango, kioo, paa, akarudi kwenye milango, karibu kabisa, akielekeza maji kwenye kila mshono.

"Mvua ya wapi inanyesha kutoka chini kwenda juu?" nikamuuliza.

"Ya Athi River," akasema, akaendelea.

Mke wangu alikuwa ameshika kichwa. Mimi nilisimama kushoto, nje ya dirisha la mama mkwe, macho kwenye ile kona. Nililiona. Lilianza kama jasho, likawa shanga, likaning'inia hapo kwa muda ambao ningeweza kubadilisha tairi mbili. Kisha likadondoka kwenye gauni, juu ya goti, likafanya doa la ukubwa wa sarafu.

Mama mkwe hakuangalia chini wala hakuniangalia mimi. Alisogeza mkoba wake taratibu kutoka mapajani mpaka kwenye goti, akauweka juu ya doa, akafungua kishikizo kana kwamba anatafuta miwani.

Maji yalipofungwa alishuka na mkoba ameukumbatia hapo chini.

"Mama, umelowa?" shemeji akauliza.

"Unaniona nimelowa?"

"Ondoa mkoba kidogo tuone."

"Mkoba wa mama yako umeanza kukuhusu lini?" alisema. "Au huko kiwandani ndiyo mnapekua wanawake?"

Mwenye lori akacheka na chungwa mdomoni. Shemeji akatupa hosi chini. Alizunguka gari, akapitisha mkono kwenye mikeka ya sakafu, ikawa mikavu, akaukung'uta mkono kama umechafuka.

"Bahati," akaniambia.

"Bahati ni ya mtu aliyezaliwa wa kwanza," nikamwambia. "Mimi nimepaka. Ondoa lori kwenye geti la watu."

Lori liliondoka tupu. Nilisimama katikati ya boma nikalisindikiza kwa macho mpaka vumbi lake likaisha, na sioni aibu kusema nililifurahia hilo vumbi kuliko siku niliyojenga ukuta wa yadi. Kicheko cha miaka ishirini na miwili nilikitua hapo.

Lakini furaha yangu haikuwa nzima, na nyinyi mnajua kwa nini. Mama mkwe alipita nyuma yangu kwenda jikoni. Kwenye nguzo alisimama.

"Mbuzi," alisema kwa sauti ya kawaida, si ile ya kanisa. "Kona ya juu, upande wa kioo. Haijabanwa. Novemba haina mkoba."

Safari hii redio ilikuwa imezimwa.

Kumshukuru singeweza. Hakuna njia. Ukimshukuru kupitia mke, mke atajua gauni lililowa, na shemeji atajua kabla ya jua kutua. Na ukweli ni kwamba sikutaka kumshukuru. Mwanamke aliyenisema kwa mbuzi miaka yote hiyo, sasa nimekuwa chini ya mkoba wake. Nililala vibaya siku mbili.

Jumatatu nilipanda Mua peke yangu na kipande cha kitambaa na ile chupa ya soda. Sikujua nitafanya nini na kile kiti. Nilikuwa nimefikiri kukitoa kwa spana, kufungua boliti zote nne, nifanye kazi bila kiti. Kazi ya nusu siku kwa ajili ya kona moja.

Nilipofungua mlango wa mbele kushoto, nikakuta kiti kimefunikwa gunia. Limetandazwa vizuri, kutoka kichwani mpaka ukingoni, na pembe zake zimechomekwa chini ili lisiteleze. Mtu akikaa hapo, amekalia gunia. Kiti cha mtu hajakigusa.

Lilikuwa gunia la mbolea ya mbuzi, na halikuwa limekung'utwa.

Nikageuka kutazama jikoni. Mlango ambao mchana haufungwi ulikuwa umefungwa, na moshi unatokea dirishani. Mbuzi ndiye aliyekuwa ananiangalia.

Nikakaa, nikafunga mlango, nikatafuta ile kona kwa dole gumba mpaka raba ikaingia.